Mji Uliokunywa Maji Yake Mara ya Pili

Mwaka 1968 mambo matatu yaliupata mji wa Windhoek. Mwezi Juni, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba nchi iliyokuwa ikiitwa Afrika ya Kusini Magharibi iitwe Namibia, na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini ulioikalia ukakataa kulitambua jina hilo. Mwezi Agosti, utawala huohuo ulifunga rasmi Old Location, mtaa wa zamani wa Waafrika, na waliokuwa wamegoma kuondoka wakahamishiwa Katutura, pembeni mwa mji upande wa kaskazini magharibi. Na katika mwaka huohuo, kando ya bwawa la Goreangab, jirani na Katutura, uliwashwa mtambo wa kwanza duniani uliochukua majitaka ya mji, ukayasafisha hadi yakafaa kwa kunywa, kisha ukayarudisha moja kwa moja kwenye mabomba ya mji uleule.

Wanahistoria huandika juu ya mawili ya kwanza. Wahandisi huandika juu ya la tatu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Nimesomea Chuo cha Maji pale Ubungo, na miaka yangu ya kazi nimeitumia kupima majitaka ya mji wa Moshi. Kazi hiyo imenifunza kuyasoma mambo haya matatu kama habari moja. Chochote kilichomwagwa mjini jana, kiwe sabuni, damu ya machinjioni, oili chafu ya gereji au dawa ya kiwandani, leo kitajionyesha kwenye kipimo. Na mtambo husafisha kile tu kinachoufikia. Kwa hiyo historia ya mtambo wowote wa majitaka ni historia ya mji wenyewe: nani ameungwa kwenye bomba, nani ameachwa nje, na kila mmoja anamwaga nini.

Mji usio na mto

Windhoek imekaa juu, kama mita 1,650 kutoka usawa wa bahari, katikati ya nchi iliyo kame kuliko zote kusini mwa Sahara. Mvua yake haizidi sana milimita 360 kwa mwaka, tena hunyesha miezi michache tu, na jua la pale lina uwezo wa kukausha mara kadhaa ya kiasi hicho kutoka kwenye bwawa lililo wazi. Mto wa karibu unaotiririka mwaka mzima ni Okavango, huko mpakani na Angola, umbali wa kilomita 700 hivi. Bahari iko karibu zaidi, lakini anayetaka maji yake lazima kwanza ayatoe chumvi, kisha ayasukume kupanda mlima kwa kilomita zinazokaribia 300.

Mji uliota mahali pale kwa sababu ya chemchemi za maji moto. Wanama, Wadamara na Waherero walizijua na kunyweshea mifugo yao. Karibu na mwaka 1840 Jonker Afrikaner, kiongozi wa Waorlam, aliweka makao yake hapo na bustani zikamwagiliwa kwa maji yale. Mwaka 1890 wakaja Wajerumani wakajenga ngome. Mji ulipokua, wakachimba visima virefu kwenye miamba, na visima vilipozidi kunyonya, chemchemi zikafifia hadi zikakauka. Mwaka 1933 likajengwa bwawa la Avis upande wa mashariki. Mwaka 1958 likajengwa bwawa la Goreangab upande wa magharibi, na karibu yake mtambo wa kawaida wa kusafisha maji ya bwawa.

Ukiitazama orodha hiyo unaona desturi moja: kila kizazi kilipata chanzo chake kipya, kikakitumia hadi mwisho, kisha kikatafuta kingine mbali zaidi. Mabwawa matatu makubwa yanayoihudumia Windhoek leo, yaani Von Bach, Swakoppoort na Omatako, yalikuwa bado hayajajengwa; la kwanza kati yake lilikamilika mwaka 1970. Katika miaka ya 1960 mji ulikuwa na visima vilivyochoka, mabwawa mawili madogo yasiyoaminika na idadi ya watu inayopanda. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaongezeka sambamba na watu, mvua inyeshe isinyeshe: majitaka. Kila ndoo iliyoingia jikoni na bafuni ilitoka tena chooni na kwenye sinki, ikashuka kwa bomba hadi mtambo wa majitaka wa Gammams, na kutoka hapo ikapotelea kwenye makorongo.

Funzo la Chanute

Windhoek haikuwa mji wa kwanza kunywa maji yaliyokwisha kutumika. Katika jimbo la Kansas, Marekani, kuna mji mdogo uitwao Chanute uliotegemea mto Neosho. Ukame wa miaka ya 1950 uliukausha mto. Mwaka 1956 wakuu wa mji waliziba mto chini ya mahali majitaka yaliyosafishwa yalipomwagwa, wakayavuta maji hayo kwenye mtambo wa maji ya kunywa, wakayatia klorini nyingi, wakayarudisha majumbani. Walifanya hivyo kwa miezi 5, hadi mvua iliporudi mwaka 1957. Maji yaleyale yaliuzunguka mji mara kadhaa.

Vipimo vya bakteria vilikuwa vizuri. Lakini maji yalikuwa na rangi ya manjano hafifu, yalitoa povu kwenye bilauri na yalinuka uvundo. Watu wakakimbilia maji ya chupa. Sisi wa maabara tunaisoma habari ya Chanute kwa makini, kwa sababu inaonyesha kwamba klorini huua vijidudu lakini haigusi mambo mengine mengi. Sabuni za unga za zama zile zilikuwa na kemikali zisizooza. Zilipita kwenye mtambo zikiwa nzima, zikazidi kila mzunguko. Vivyo hivyo chumvi, amonia na mabaki ya vitu tusivyoweza kuviona kwa macho. Mji ulilazimika kunywa ulichokimwaga, na hakuna aliyekuwa amejiandaa.

Watafiti wa Afrika Kusini waliichukua kazi hiyo pale Chanute ilipoishia. Katika taasisi ya taifa ya utafiti wa maji huko Pretoria, kundi la wanasayansi, Lucas van Vuuren akiwa mmoja wao, lilitumia miaka ya mwanzo ya 1960 kutafuta namna ya kuondoa, hatua kwa hatua, kila kile ambacho klorini haiwezi. Halmashauri ya Windhoek, iliyobanwa na kiu, ikakubali majaribio yafanyike kwake.

Hatua kwa hatua

Mtambo wa 1968 haukuwa mkubwa. Ulizalisha chini ya mita za ujazo 5,000 kwa siku. Ila mpangilio wake unastahili kuelezwa, kwa kuwa kila hatua ilikuwa jibu la swali fulani.

Kule Gammams, majitaka yalinyunyizwa juu ya matabaka ya mawe. Juu ya mawe huota utando wa bakteria, na bakteria hao hula uchafu unaopita. Kisha maji yalipumzika kwenye mabwawa ya wazi, jua likaotesha mwani, na mwani ukafyonza naitrojeni na fosforasi. Hadi hapo kazi ni ileile ninayoifahamu mimi Moshi: bakteria, jua, mwani na muda. Tofauti ilianzia Goreangab. Mwani uliokuwa umefanya kazi nzuri sasa ulikuwa kero, hivyo maji yalitiwa shabu, mwani ukashikana, ukaelea juu na kukusanywa. Povu la sabuni lililoisumbua Chanute hapa liligeuzwa kuwa njia ya kutokea: hewa ilipulizwa ndani ya maji makusudi, povu likapanda na ile kemikali yake, likaondolewa. Klorini ilitiwa kwa kiasi cha kumaliza amonia yote kabla ya kuanza kuua vijidudu. Maji yakapita kwenye mchanga, kisha kwenye mkaa maalumu ambao vitundu vyake hunasa harufu, rangi na mabaki ya kemikali. Mwishowe yalichanganywa na maji ya bwawa na ya visima, ndipo yakaenda mjini.

Mtambo huo ulibadilishwa mara kadhaa katika miaka iliyofuata, kila mara kwa sababu ya jambo lililogunduliwa kwenye vipimo. Msimu wa baridi bakteria wa Gammams walizembea, amonia ikapanda, klorini ikahitajika kwa wingi mno. Baadaye Gammams yenyewe iliongezewa mfumo unaoliacha tope lenye bakteria lizunguke ndani ya matangi ya hewa, na maji yaliyofika Goreangab yakawa safi zaidi tangu mwanzo. Ndivyo ufundi huu unavyokua: hatua ya juu ikirekebishwa, hatua zote za chini hupata nafuu.

Kinachofanyika kabla ya mtambo

Hatua iliyo muhimu kuliko zote, kwa maoni yangu, haionekani mtu akitembelea Goreangab, maana haimo ndani ya uzio wake. Windhoek ilitenganisha majitaka. Ya majumbani yalielekezwa Gammams. Ya viwanda vya eneo la kaskazini yalitengewa njia yake hadi mabwawa ya Ujams, mbali na maji ya kunywa.

Aliyewahi kupima maji ya kiwanda cha ngozi anajua kwa nini. Ngozi hulainishwa kwa madini ya kromiamu. Bakteria hawali kromiamu. Ikizidi, inawaua wao. Siku moja ya kumwaga kizembe inaweza kuharibu kazi ya bakteria ya wiki nyingi, na mtambo wa mamilioni ukabaki kuwa matangi ya maji machafu. Kinyesi, ambacho ndicho watu wanakiogopa, ni rahisi kukisafisha: ni chakula, na viumbe wa kukila wapo. Kinachotushinda ni vile vitu ambavyo hakuna kiumbe anayevila.

Nilifika Windhoek na wenzangu wa mafunzo kutoka nchi kadhaa za kusini na mashariki mwa Afrika. Wengi walivutwa na mitambo. Mimi niliomba kuona maabara na kusikia habari za wakaguzi. Wenyeji wetu walieleza kwamba ulinzi wa maji yao ni wa aina tatu. Wa kwanza ni ule wa nje ya mtambo: kutenganisha viwanda, kukagua kinachoingia kwenye mabomba, kupima kila hatua, kuchanganya maji. Wa pili ni hatua za kusafisha zenyewe, zilizopangwa ili kila hatari ikutane na zaidi ya kizuizi kimoja. Wa tatu ni wa akiba, unaowashwa kipimo kikionyesha mashaka. Na maji yasipofikia kiwango, hayatoki: mtambo unayarudisha mwanzo na mji unakunywa ya mabwawa na visima. Niliuliza ni nani mwenye mamlaka ya kuyazuia usiku wa manane, meneja akiwa amelala. Jibu lilikuwa kwamba kipimo ndicho chenye mamlaka. Kwa mtu wa maabara, hakuna sentensi nzuri kuliko hiyo.

Nani aliulizwa

Sasa turudi kwa watu. Mtambo wa 1968 uliamuliwa na halmashauri iliyochaguliwa na Wazungu peke yao. Miaka 9 kabla yake, halmashauri hiyo ilipotaka kuwahamisha wakazi wa Old Location, watu walikataa. Katutura ilikuwa mbali na kazi, nauli ilikuwa mzigo, kodi za nyumba zilikuwa juu. Walisusia mabasi ya halmashauri, ukumbi wa pombe na sinema. Tarehe 10 Desemba 1959 polisi waliwafyatulia risasi, wakaua watu wapatao 11 na kujeruhi makumi.

Sam Nujoma alikuwa miongoni mwa waliouongoza upinzani ule. Mwaka uliofuata aliikimbia nchi yake, akafika Tanganyika, na Dar es Salaam ikawa makao ya SWAPO, chama chake cha ukombozi, uhamishoni. Vijana wake walipiga kambi Kongwa, Dodoma. Barabara ya kutoka Mwenge kwenda Ubungo, inayopita karibu na chuo nilichosomea ufundi wa maji, leo ina jina lake. Kwa hiyo kwetu sisi habari ya Goreangab si ya nchi ya mbali. Wale ambao majitaka yao na ya mabwana zao yalikuwa yakisafishwa pamoja bila wao kuulizwa, ndugu zao walikuwa majirani zetu.

Hilo linaiweka sifa ya mtambo mahali pake. Miji mingi iliyojaribu jambo kama hili katika nchi zenye kura huru ilikwama kwenye mikutano ya hadhara. Windhoek haikukwama, na sehemu ya sababu ni kwamba wengi wa waliokunywa hawakuwa na pa kusemea. Ufundi ulikuwa wa haki, utaratibu haukuwa.

Na swali la afya liliulizwa na kujibiwa. Kati ya mwaka 1974 na 1983 madaktari walifuatilia magonjwa ya kuhara mjini Windhoek wakilinganisha waliokuwa wakipata maji yaliyosafishwa upya na wasioyapata. Walihitimisha kwamba kuhara kulifuatana na hali ya maisha ya watu, hakukufuatana na aina ya maji ya bombani. Wahandisi duniani kote hulishika hitimisho hilo kama hati ya ushindi, na wana haki. Lakini lisome tena. Linasema pia kwamba katika mji ule, wakati ule, kilichoamua ni mtoto gani aharishe kilikuwa umaskini wa kwao. Maji ya Goreangab yalikuwa safi. Makazi ya Waafrika hayakuwa.

Van Vuuren anakumbukwa kwa msimamo wake kwamba maji yahukumiwe kwa ubora wake na si kwa yalikotoka. Maji yakiwa ndani ya bilauri, nakubaliana naye kabisa. Ndiyo imani ya maabara yoyote. Ila kwa mji mzima nakataa. Mji unaotaka kuyatumia maji yake tena lazima ujue yalikotoka, nyumba kwa nyumba na kiwanda kwa kiwanda, maana bila kujua hilo hakuna ubora wa kuhukumu.

Baada ya uhuru

Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Sheria za kuzuia watu kuhamia mjini zilikuwa zimeanguka, na maelfu walikuja kutoka kaskazini kutafuta kazi. Walijenga vibanda vya mabati kwenye vilima vya Goreangab, Havana na Okuryangava, ng'ambo ya Katutura. Huko hakukuwa na mabomba ya majitaka. Mvua iliponyesha, uchafu wa vilima vile ulishuka hadi bwawani.

Hapo likatokea jambo ambalo wahandisi wa 1968 hawakulitazamia. Mtambo wao ulitumia vyanzo viwili: maji ya bwawa, yaliyohesabiwa kuwa safi, na majitaka yaliyopitia Gammams, yaliyohesabiwa kuwa machafu. Kadiri miaka ilivyokwenda, mizani iligeuka. Maji ya bwawa yaliharibika hadi majitaka ya Gammams yakawa chanzo bora kuliko maji ya mvua. Bomba lilikuwa limeyalinda majitaka. Korongo halikuwa na wa kulilinda.

Mji haukukaa kimya. Mwaka 1994 ulipitisha sera ya kubana matumizi: anayetumia maji mengi akalipa bei ya juu zaidi, umwagiliaji wa bustani ukawekewa saa zake, mivujo ikasakwa. Maji ya daraja la chini, yasiyo ya kunywa, yakaelekezwa kwenye mtandao wa pili wa mabomba kwa ajili ya viwanja vya michezo na bustani za umma. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 wahandisi walianza kujaribu kurudisha maji safi ardhini kupitia visima, kwenye miamba ileile ambayo babu zao waliinyonya, ili yakae chini salama na jua lisiyafikie.

Mwaka 2002 ukafunguliwa mtambo mpya wa Goreangab, wa mita za ujazo 21,000 kwa siku, kwa mikopo ya taasisi za fedha za Ulaya. Hatua zake ni nyingi kuliko za 1968: ozoni inayovunjavunja kemikali, kloridi ya chuma inayoshikanisha uchafu, hewa inayouelesha, mchanga, ozoni tena, mkaa wenye bakteria juu yake, mkaa mwingine, utando wenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hawapiti, na klorini mwishoni. Maji haya yanaruhusiwa kufikia asilimia 35 ya maji ya kunywa ya mji. Ukame mkali ulipokuja mwaka 2015 na 2016, na mabwawa matatu yakakaribia kukauka, Goreangab ilikuwa chanzo kimoja ambacho hakikutegemea mawingu.

Dunia ilikuja kujifunza. Singapore ilizindua maji yake yaliyosafishwa upya mwaka 2003. Beaufort West, Afrika Kusini, ilianza mwaka 2011, Big Spring huko Texas mwaka 2013. California ilipitisha kanuni za kuruhusu maji ya aina hii kwenda moja kwa moja kwenye mabomba mwezi Desemba 2023, miaka 55 baada ya Windhoek. Mji wa Afrika uliwatangulia wote, na ni haki yetu kujivunia hilo.

Lakini mwezi Desemba 2017 serikali ya Namibia ilitangaza mlipuko wa homa ya ini aina ya E. Ulianzia Windhoek, katika vibanda vya Havana na Goreangab. Ugonjwa huo huenezwa na kinyesi kinachoingia kwenye maji au chakula. Ulisambaa nchini, ukadumu miaka, maelfu wakaugua, makumi wakafa, na wajawazito ndio walioumia zaidi. Goreangab, jina linalotajwa kwenye mikutano ya kimataifa kama kilele cha usafishaji wa majitaka, likatajwa pia kwenye ripoti za mlipuko unaotokana na kukosa choo.

Mtambo haukuwa na kosa lolote. Majitaka ya vibanda vile hayakuufikia, na mtambo husafisha kile tu kinachoufikia.

Hesabu yetu wenyewe

Nimeieleza habari ya Windhoek kwa urefu kwa sababu miji yetu inaelekea kwenye swali lilelile. Dar es Salaam ya kikoloni iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na huduma zikafuata mgawanyo huo. Mpaka leo sehemu kubwa ya wakazi wake hawajaungwa kwenye bomba la majitaka. Wanategemea vyoo vya shimo na makaro, na gari la kunyonya huja kama njia inapitika na fedha ipo. Vijana huteremka mashimoni na ndoo pale gari lisipofika. Tukizungumzia kuvuna mbolea, gesi na maji kutoka kwenye majitaka, tuanze kwa kukiri kwamba mengi ya majitaka hayo hatunayo mikononi.

Hata hivyo pale yalipo, watu wetu wanayatumia bila kungoja semina. Kusini mwa Moshi, maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka huingia mashamba ya mpunga. Wakulima wanajua kwamba mpunga unaonyweshwa maji hayo hunawiri, kwa sababu naitrojeni na fosforasi zimo. Siku moja nikichukua sampuli kwenye mfereji, mama mmoja mkulima, mtu mzima kunipita, aliitika shikamoo yangu kisha akaniuliza:

"Mwanangu, haya maji leo yana mbolea au yana ugonjwa?"

"Yana vyote viwili, Mama," nikamjibu. "Mbolea ni ya kila siku. Ugonjwa unapanda na kushuka, ndiyo maana napima."

"Sasa ukishapima, unamwambia nani?"

Swali hilo ni zito. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi yasizidi bakteria wa kinyesi 1,000 kwa kila mililita 100, na mayai ya minyoo yasizidi moja kwa lita. Mpunga hupikwa, lakini anayeupanda amesimama ndani ya maji hayo kwa miguu mitupu. Namba ninazoziandika kwenye daftari humfikia mhandisi na afisa wa mazingira. Anayezihitaji zaidi ni yule aliyezama hadi magotini, na yeye mfumo haujamtengea ukurasa.

Ndiyo maana naona urithi wa Windhoek usinakiliwe kuanzia kwenye ozoni. Mitambo inanunulika, mikopo inapatikana, wataalamu wanafundishika. Kazi ngumu ni ile inayotangulia. Kila halmashauri ichore ramani ya majitaka yake: viwanda gani vinamwaga nini na wapi, mitaa ipi imeungwa, mitaa ipi inategemea mashimo, mashimo hayo yanaishia kwenye mto upi. Viwanda vitengwe na majumba kabla ya mabwawa kupanuliwa. Mitaa ya vilimani na mabondeni ipate vyoo na njia ya kutolea uchafu katika bajeti ileile inayojenga mtambo, si katika ahadi ya awamu ijayo. Na matokeo ya vipimo yabandikwe mahali mkulima na mnywaji wanapoweza kuyasoma, kwa Kiswahili, kila wiki.

Windhoek iliyafanya nusu ya mambo hayo kwa ustadi ambao dunia nzima imeufuata. Nusu iliyoachwa iliwagharimu uhai watu wa vibandani. Sisi tunaanza tukiwa tumekwisha kuziona nusu zote mbili, na hatutakuwa na udhuru wa kuchagua moja.